Kuongezewa njia wakati wa kujifungua: Mama ana haki ya kuuliza

WAHENGA walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini upo uchungu mwingine ambao hawakuutaja, nao ni ule wa mkasi katika chumba cha kujifungulia.

Wazazi wangu walivuka mpaka wa Mutukula mwaka 1982 nikiwa mtoto wa mgongoni, nikasomea Kagera, Tanzania, mpaka kidato cha nne. Huko niliwasikia akina mama wakisema fulani "ameongezewa njia". Niliporejea Kampala nikakuta wengi husema tu "walinikata", na mazungumzo yakaishia hapo. Jambo linalogusa mwili wa mwanamke kiasi hiki halifai kufunikwa hivyo.

Kuongezewa njia ni kukatwa msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, wakati kichwa cha mtoto kinapokaribia kutoka. Baada ya hapo mama hushonwa.

Si jambo geni. Fielding Ould wa Dublin aliliandikia mwaka 1742, kwa ajili ya uzazi uliokwama. Mwaka 1920 daktari Joseph DeLee wa Chicago alipendekeza lifanywe kama kawaida, pamoja na kumvuta mtoto kwa koleo, akiamini kwamba jeraha lililonyooka ni bora kuliko kuchanika ovyo. Fikra hiyo ilienea duniani, na wakunga wengi wakafundishwa kwamba mzazi wa mimba ya kwanza lazima akatwe.

Utafiti ukaja kusema vingine. Nchini Argentina wanawake 2,606 walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993: kukata kila mama hakukuwa na faida iliyodhaniwa. Uchambuzi wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 12, ulionyesha kwamba pale wakunga wanapokata kwa sababu maalumu tu, michaniko mikubwa hupungua kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatamka kwamba kukata kama kawaida hakupendekezwi kwa mama anayejifungua kwa njia ya kawaida.

Ndugu msomaji, hii haina maana kwamba mkasi ni adui. Mapigo ya moyo wa mtoto yakidhoofika, au akihitaji kuvutwa kwa chombo, kukata kunaweza kuokoa dakika zenye thamani ya uhai. Mkunga anayefanya hivyo kwa sababu hizo anastahili shukrani. Ila WHO inataka mama aelezwe, akubali, na apigwe ganzi.

Hapo ndipo penye kidonda. Mtoto wangu wa pili nilimzaa katika kliniki moja ya hapa mjini. Nilikatwa bila kuambiwa neno, nikashonwa ganzi ikiwa bado haijashika. Kwa wiki tatu nilikalia upande mmoja. Lakini mimi ni mwalimu, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inanipa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Je, mama anayenunua khanga na sabuni Kikuubo na kuzipeleka Busia au Mpondwe, yeye likizo yake anampa nani? Wiki ya pili yuko juu ya bodaboda, furushi mapajani, nyuzi bado mbichi.

Madhara yenyewe ni haya: damu kutoka zaidi, maumivu, kidonda kuoza, na maumivu wakati wa tendo la ndoa, ambayo huvunja amani ya nyumba bila mtu kueleza chanzo. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI wataalamu hushauri kuepuka kukata bila ulazima, maana mtoto hukutana na damu zaidi. Na wale wanaoomba washonwe kwa kubana ili kumfurahisha mume wajue kwamba wananunua maumivu. Fistula nayo husingiziwa mkasi, wakati mara nyingi hutokana na uchungu uliokwama muda mrefu bila msaada.

Tufanye nini? Mosi, swali liulizwe kliniki, kabla ya uchungu: "Mnakata lini, na kwa sababu gani?" Wenzetu kutoka Kongo na Sudan Kusini wasiojua Kiganda wasione haya kuuliza kwa Kiswahili, au waje na ndugu wa kutafsiri. Pili, muulize mkunga kama atatumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kuushika msamba kwa mkono kichwa kinapotoka. WHO inazikubali njia hizo, na hazihitaji mashine. Tatu, tujihadhari na dawa za mitishamba zinazouzwa sokoni kwa ahadi ya kulainisha mifupa ya nyonga. Baadhi huzidisha uchungu kwa nguvu ya hatari.

Aliyeshonwa aoshe kidonda kwa maji safi, akikaushe taratibu, na abadilishe pedi au kitambaa mara kwa mara. Kukandwa kwa maji ya moto tulikozoea kusigeuke kumuunguza. Asikimbilie kununua vidonge vya kuua vijidudu duka la dawa, kwani WHO haipendekezi apewe kila aliyekatwa. Akiona usaha, harufu mbaya, homa, au haja kubwa kutoka bila kujizuia, arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama soko la mpakani ni kesho.

Kwa wakunga wetu, tunajua katika hospitali kama Kawempe mmoja wenu huwahudumia akina mama wengi kwa usiku mmoja. Hatuwaombi miujiza. Tunaomba sentensi moja tu kabla ya mkasi: "Mama, nataka kukuongezea njia, sababu ni hii, unakubali?" Haichukui hata nusu dakika, na mama atakwenda nayo nyumbani maisha yake yote.