Uvumi Nao ni Silaha

Wataalamu wa ulinzi siku hizi wanazungumzia "vita mseto", yaani vita vinavyochanganya bunduki, fedha, uvumi na propaganda. Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe si geni kwa watu wa Kinjumbi, wilayani Kilwa.

Jirani na Kinjumbi, katika milima ya Matumbi, ndiko Vita vya Maji Maji vilikoanza Julai 1905. Kabla watu wa Nandete hawajang'oa pamba ya Mjerumani, neno lilikwishapita kijiji hadi kijiji kwa kunong'onezana: iko dawa ya Kinjikitile kule Ngarambe, inageuza risasi kuwa maji. Neno hilo liliunganisha makabila yasiyowahi kuwa chini ya amri moja. Lakini halikuwa kweli, na mbele ya bombomu liliwaponza waliolibeba. Mjerumani naye akachoma vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Taifa huru lilichukua njia nyingine. Novemba 1970 Wareno na vibaraka wao waliivamia Conakry, Guinea. Januari 1971 Idi Amin akatwaa madaraka Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, ikasema ulinzi ni kazi ya umma mzima, na mgambo ukaimarishwa. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, huku akidai kwamba Tanzania ndiyo mchokozi, Mwalimu Nyerere aliwaeleza wananchi waziwazi Novemba 2 kwamba nchi imevamiwa na kwamba tutapigana. Mgambo wakaenda vitani pamoja na JWTZ. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka.

Sasa tazameni Oktoba 2020. Wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Ruvuma wakashambulia Kitaya, mkoani Mtwara. Kabla polisi hawajathibitisha, wavamizi walikwishajitangaza wenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Nchi kama yetu haina uwezo wa kuweka askari katika kila diko la pwani. Mlinzi wa kwanza ni mvuvi wa Somanga anayeona chombo kigeni usiku, naye hapeleki habari kwa mtu asiyemwamini.

Siri za jeshi na zibaki siri. Sina ugomvi nazo. Lakini kuchomewa nyumba si siri kwa aliyechomewa. Serikali ikichelewa kusema, adui ndiye atakayesimulia, na wananchi watamsikiliza.