Kompyuta zilipofutwa Ghuba: nakala yako ya akiba iko wapi?

Doha, Qatar

Mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka 2012, wafanyakazi wa RasGas, iliyokuwa moja ya kampuni kubwa za gesi hapa Qatar, walishindwa kutuma wala kupokea barua pepe. Tovuti ya kampuni nayo haikufunguka. Virusi vilikuwa vimeingia katika kompyuta za ofisini. Gesi iliendelea kutoka Ras Laffan, kaskazini mwa Doha, kwani mitambo ya uzalishaji haikuguswa.

Takriban wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 15 Agosti, Waislamu wakiwa katika siku za mwisho za mfungo wa Ramadhani, shirika la mafuta la Saudi Arabia, Aramco, lilipata pigo kubwa zaidi. Kompyuta zipatazo 30,000 ziliharibiwa. Virusi hivyo, vilivyopewa jina la Shamoon, havikuiba fedha wala kudai fidia. Viliandika sehemu ya picha ya bendera ya Marekani inayowaka moto juu ya mafaili ya watu, kisha vikaharibu sehemu ya diski ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa. RasGas ilisema tu kuwa imeshambuliwa na virusi visivyojulikana, lakini wataalamu wengi waliamini ni Shamoon hao hao.

Faili lililoandikwa juu yake namna hiyo halirudi, hata umpelekee fundi hodari wa namna gani. Linalorudi ni nakala, kama ipo. Na si kila nakala inaokoa, kama ilivyogundua kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake hushushwa hata Mombasa na Dar es Salaam.

Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia Maersk kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine. Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 zinazotambua nani ni mfanyakazi na ana ruhusa ya kuingia wapi. Kila moja ilikuwa nakala ya nyingine, na zote zilikuwa zimeunganishwa. Zikafutwa zote kwa pamoja, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, hivyo virusi havikuikuta mtandaoni. Naam, mgao wa umeme tunaoulalamikia kila siku ndio uliookoa kampuni ya Denmark! Intaneti ya Ghana ilikuwa ya polepole mno kuweza kutuma data hizo, na mfanyakazi wa huko hakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi asafiri hadi Nigeria, akamkabidhi diski mwenzake uwanjani, naye akaipeleka Uingereza.

Turudi kwetu tunaoishi huku. Wengi tunaamini kwamba picha zikipanda kwenye hifadhi ya mtandaoni basi zimesalimika. Lakini hifadhi nyingi za aina hiyo hufanya kazi kama seva za Maersk: ukifuta kwenye simu, na kule kunafutika. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta mwaka mzima nayo haina tofauti, maana virusi vikiingia vinaikuta hapo hapo. Chomeka, nakili, chomoa, weka kabatini. Usiiache garini, joto la Doha mwezi Julai halina huruma. Nakala nyingine ya mkataba wa kazi, vyeti na pasipoti mpelekee ndugu nyumbani unapokwenda likizo. Mara moja moja fungua faili mbili tatu kutoka kwenye hiyo diski, kwani wengi hugundua kuwa nakala ni mbovu siku wanapoihitaji.

Na ukifuta kitu kwa bahati mbaya? Acha kukitumia chombo hicho mara moja. Katika diski za zamani zinazozunguka, faili lililofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe mahali pake, na programu za uokoaji huweza kulipata. Diski za kisasa zisizozunguka husafisha nafasi hiyo zenyewe, mara nyingi upesi, kwa hiyo matumaini ni madogo. Diski ikianza kugonga kwa ndani, izime. Kila unapoiwasha tena unazidi kuikwaruza.

Kuna jambo moja linalowahusu hasa wanaomaliza mikataba. Nakala ya WhatsApp kwenye simu za Android huhifadhiwa katika akaunti ya Google, na ili kuirudisha unahitaji akaunti ile ile pamoja na namba ile ile ya simu. Anayeiacha laini ya Qatar na kununua simu mpya nyumbani anaweza kukosa mazungumzo ya miaka yote, pamoja na sauti za wazazi waliokwisha kufariki. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba. Itumie kuhamia namba ya nyumbani, kisha tengeneza nakala mpya, ukiwa bado una laini zote mbili mkononi.