Nishani ya mama mwenye watoto wanane

MIONGONI mwa nishani za Kijerumani za enzi za Vita Kuu ya Pili zinazosakwa na wakusanyaji, ipo moja ambayo haikutolewa kwa askari. Walipewa akina mama.

Ni Msalaba wa Heshima wa Mama wa Kijerumani, ulioanzishwa na Adolf Hitler Desemba 16, 1938. Mwenye watoto wanne au watano alipata wa rangi ya shaba, sita au saba wa fedha, wanane na kuendelea wa dhahabu. Ulivaliwa shingoni, na katikati una alama ya swastika.

Kabla ya kuupata, familia ilichunguzwa. Mama wa Kiyahudi hakustahili, wala aliyedaiwa kuwa na ugonjwa wa kurithi, hata angezaa kumi. Chini ya sheria ya 1933, watu wapatao 400,000 walifungwa kizazi kwa nguvu.

Mzazi, kijana wako akivutiwa na nishani za kale, si lazima umkataze. Muulize: ilitolewa kwa nani, kwa sababu gani, na nani alinyimwa? Mwambie pia kuwa za bandia ni nyingi, na kwamba nchini Ujerumani kuonyesha swastika hadharani ni kosa la jinai, isipokuwa kwa mambo kama elimu, sanaa na utafiti.

Afya ya uzazi huanzia kwa mama kuamua mwenyewe azae lini na watoto wangapi. Msalaba huu unaonyesha kinachotokea serikali inapoamua kwa niaba yake.