Mbweu za kila saa: tumbo linataka kusema nini?

Ndugu mfanyakazi, kupiga mbweu nyuma ya kula si ugonjwa: ni hewa uliyomeza inarudi. Lakini zikikusumbua kutwa, pamoja na tumbo kuvimba ao kiungulia, tafuta sababu.

Kwanza, angalia namna unavyokula. Ukitoka kazini na njaa, ukameza bukari mbiombio huku ukizungumza, unameza na hewa. Bia na limonadi zinaongeza gesi. Kula polepole, tafuna vizuri, na ngoja saa 2 ao 3 mbele ya kulala.

Pili, aspirini na ibuprofeni. Ukizimeza siku nyingi kwa ajili ya mgongo, zinaweza kuleta kidonda cha tumbo. Uliza munganga kwanza.

Tatu, kuna mikrobu inayoitwa Helicobacter pylori, iliyotambuliwa na Warren na Marshall kule Australia katika mwaka 1982. Nayo pia inaleta vidonda. Inaponywa kwa dawa za munganga, zikimezwa mpaka mwisho.

Mama wa nyumba, bwana yako akitapika damu, akienda choo cheusi kama lami, akikonda, ao chakula kikikwama kooni, usimpe bikarbonati. Mpeleke dispansere leo.

Tena, maumivu yanayobana kifua, pamoja na jasho ao kukosa pumzi, usiyaite gesi: yanaweza kuwa ya moyo. Simamisha kazi na ita msaada mara moja, hata kama mbweu inakupunguzia.