Soko la Kubashiri: Fedha Hutoka Wapi?

Pengine mmemsikia kijana akisema ameweka "mkeka," nanyi mkautafuta mkeka wenyewe msiuone. Hiyo ni lugha ya kubeti. Siku hizi simu imefika Inyonga, Karema na Usevya, na kijana aliyeketi chini ya mwembe aweza kuweka shilingi zake juu ya mchezo unaochezwa China. Wala si mpira wa miguu tu. Iko michezo ya kompyuta, kama Dota 2 na Counter-Strike, ambayo watano hupambana na watano mbele ya vioo vya mashine, nao hulipwa mishahara kwa kazi hiyo.

Yafaa baba na mama mjue mambo haya yanavyokwenda, maana fedha yenyewe mara nyingi ni ya tumbaku au mahindi ya nyumbani.

Kwanza liko soko la kubashiri, kama Polymarket, lililoanzishwa Marekani mwaka 2020. Humo huuzwa hati. Swali ni moja: Je, timu fulani itashinda? Wao hutumia dola, lakini sisi tuhesabu kwa shilingi. Hati iliyobashiri kweli hulipwa 1,000. Iliyokosea hailipwi hata senti. Basi Yosefu anunua "ndiyo" kwa 600, na Petro anunua "siyo" kwa 400. Hizo 1,000 zao ndizo atakazopewa mshindi. Bei ya 600 maana yake watu sokoni wanakadiria kwamba timu hiyo ingeshinda mara 6 katika 10. Ikija habari kwamba mchezaji hodari ameugua, bei hushuka mara moja. Soko lenyewe halizai kitu: faida ya Petro ni hasara ya Yosefu, na mwenye soko akitoza ada, hutoka kwao hao hao.

Mkeka ni mambo mengine. Hapo kampuni ndiyo ipangayo bei, iitwayo odi. Timu mbili zikiwa sawa kabisa, kila moja ingestahili odi ya 2.00; kampuni yaweza kuandika 1.80. Ukiweka 1,000 juu ya kila moja, umetoa 2,000 upate 1,800. Sasa unganisha michezo 5 ya namna hiyo. Kwa wastani mkeka 1 kati ya 32 ndio utakaoshinda, nao utalipa kama 18,900. Lakini mikeka yote imekula 32,000! Kijijini husikika habari za yule mmoja tu. Wale 31 hunyamaza.

Na je, mchezaji mwenyewe akinunuliwa? Lee Seung-hyun wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa StarCraft II mwaka 2014, alipokea fedha mwaka 2015 akashindwa makusudi. Korti ilimtia hatiani mwaka 2016. Kijana wa Mpanda angeyajuaje hayo?

Sheria yetu yamkataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, na leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Katekisimu, namba 2413, haisemi kila mchezo wa bahati ni dhambi; husema haukubaliki unapomnyima mtu mahitaji yake au ya wenziwe. Fedha ya mbegu za Novemba ni mojawapo ya mahitaji hayo.

Basi usimwulize mwanao amepata nini. Keti naye, afungue orodha ya fedha katika simu, mjumlishe pamoja zilizotoka na zilizoingia tangu mavuno.