Joto, Halijoto na Bomba la Reynolds

Mwanafunzi wa Kiswahili akisikia kwamba profesa wa uhandisi wa mitambo anachunguza usafiri wa joto katika maji na hewa, huenda akadhani jambo hilo halimhusu. Hata hivyo, haliwezi kuelezwa bila kwanza kutenganisha maneno mawili tunayoyachanganya kila siku: joto na halijoto. Halijoto ni kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka penye halijoto ya juu hadi penye halijoto ya chini. Maji ya kikombe na ya pipa yaweza kuwa na halijoto moja, ilhali ya pipa yatahitaji joto jingi zaidi ili yachemke.

Osborne Reynolds, mzaliwa wa Belfast, aliteuliwa profesa wa uhandisi katika Chuo cha Owens, Manchester, mwaka wa 1868. Katika makala ya mwaka wa 1874 kuhusu mitambo ya mvuke, alidai kwamba mchanganyiko uleule unaosababisha msuguano baina ya maji na ukuta wa bomba ndio pia unaolibeba joto.

Mwaka wa 1883 alieleza jaribio lililompa sifa. Alipitisha maji katika bomba la kioo, na katikati yake akaingiza utepe mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda polepole, utepe ulinyooka kama uzi. Mwendo ulipozidi, utepe ulitikisika, ukakatika, kisha rangi ikatapakaa bomba zima. Zidisha densiti, kasi na kipenyo cha bomba, kisha ugawe kwa mnato: hiyo ndiyo nambari ya Reynolds. Katika bomba, chini ya takribani 2,000, mtiririko hubaki tulivu.

Mtiririko wa pili tuuiteje? Wapo wanaouita wa vurugu. Mimi napendelea msukosuko, kwani vurugu hudokeza uasi wa kanuni, na maji haya hayajaasi kanuni yoyote.

Mpishi wa uji analijua jambo hili. Uji una mnato mkubwa, haujisukisuki wenyewe vya kutosha. Asipoukoroga, huungua chini ilhali juu ungali vuguvugu. Mwiko wake hufanya kazi ya msukosuko. Mhandisi naye huutafuta msukosuko katika mabomba ya kupozea injini, ingawa huulipia: msuguano huongezeka, na pampu hudai nguvu zaidi.