Taa chini ya pishi

Wanachuo wenzangu, neno "nuru" tunalo kila mahali. Tunaliimba kwaya, tunalichapa kwenye fulana za ushirika. Lakini ukimuuliza mtu nuru ya Mkristo inafanya kazi gani hasa, jibu linachelewa. Naomba tulitazame kidogo.

Katika Mwanzo, nuru inaumbwa siku ya kwanza. Jua na mwezi vinakuja siku ya nne. Yaani nuru ni ya Mungu kabla ya kuwa ya kitu chochote kinachowaka. Katika Yohana sura ya 8, Yesu anasema yeye ndiye nuru ya ulimwengu. Katika Mathayo sura ya 5 anawageukia wanafunzi wake na kuwaita wao hivyo hivyo. Hapo hakuna mgongano: Mkristo anaangaza kama mwezi, kwa mwanga aliopokea. Ndiyo maana katika mkesha wa Pasaka Wakatoliki huanza gizani, huwasha mshumaa mmoja mkubwa, kisha waumini hupokezana moto wake hadi kanisa zima liangaze.

Sasa pishi. Mwaka jana nikiwa Kilosa kwa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, pishi ni nini? Kwa nini taa isiwekwe chini yake?" Nikamweleza kwamba ni kipimo cha zamani cha nafaka, sawa na vibaba vinne, ni kama mtu awashe taa halafu aifunike kwa kopo la kupimia mahindi. Msichana mmoja nyuma akadakia, "Kwa hiyo anaifunika ili mteja asione kipimo?"

Darasa lilicheka, ila mimi nilibaki na swali lile. Huyu ni mtoto wa wakulima. Lumbesa anaijua, anajua mzazi wake hupoteza kiasi gani gunia likijazwa kupita kipimo. Wafafanuzi wa Biblia huenda wasimuunge mkono, lakini Mathayo yuko karibu naye: nuru pale imefungamanishwa na matendo mema yanayoonekana. Basi inatakiwa hapo hapo penye mizani. Kwetu chuoni, mizani ni chumba cha mtihani, karatasi ya mahudhurio na daftari la michango ya ushirika. Ukitoa ushuhuda Jumapili, Jumatatu ukadesa, taa umeiwasha kweli, ila iko chini ya pishi. Na sisi wa ualimu kesho tutashika alama za watoto wa watu.

Lakini kuna shida ya pili. Katika hotuba ile ile, Mathayo sura ya 6, Yesu anakataza kutenda mema ili tutazamwe na watu. Sasa tuonekane au tusionekane?

Jibu nililiona Mikumi. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza ndani ya hifadhi ile kwa takriban kilomita 50, na wanyama huivuka usiku na mchana. Dereva asiye na taa ni hatari. Ila anayekutana na mwenzake bila kushusha taa kali naye ni hatari: anampofusha wa mbele, na hata mnyama aliyeko barabarani huduwaa. Taa ni ile ile. Tofauti ni pale inapoelekezwa. Ikielekezwa barabarani, wote wawili wanaona njia. Ikielekezwa machoni, anayeonekana ni mwenye taa tu.

Nadhani sura ya 5 inasema washa, na sura ya 6 inasema angalia unapomulika. Kufungulia spika ya nyimbo za injili saa kumi alfajiri wakati mwenzako wa chumba ana mtihani asubuhi, hiyo ni taa ya machoni. Kumwamsha asichelewe mtihani huo, hiyo ni ya barabarani. Na huyo mwenzako akiwa Mwislamu, kumbuka Qur'ani nayo ina sura ya 24, An-Nur, yenye mfano wa taa. Hamtakosa la kuzungumza, mradi usimpofushe.

Kwa hiyo tusipimane kwa ukubwa wa sauti wala wingi wa mabango. Tuulizane swali dogo: aliye karibu nami, anaona njia vizuri zaidi kwa sababu yangu?